Mshono wa Nzisa

Kitengela,
Jumapili, 24 Novemba 2002

Mpendwa rafiki yangu Phylis, Mama Mulei,

Takwenya! Ningekuwa mlangoni kwako ningengoja uniitikie "Iko" kwa ile sauti yako ya kuvuta, ambayo miaka sita ya kuchota maji kwenye bomba moja hapa Kitengela haikuweza kuinyoosha. Hujambo wewe? Kiema hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anabeba vikapu vya majani kama kijana wa miaka ishirini halafu anakuachia wewe kazi ya kumkanda? Mulei na wadogo zake wamefunga shule salama? Nasikia huko milimani kwenu mvua hainyamazi na kuni hazishiki moto. Basi nakuombea moto, na mkono mkavu wa kushika karatasi hii.

Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imetufikia pia, na udongo mweusi wa Kitengela umeanza tabia zake: ukitoka hapa kwangu kwenda barabarani unarudi na kilo mbili za matope katika kila kiatu. Magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti tangu asubuhi, kila moja likituahidi barabara. Soila amemaliza mtihani wa darasa la nane na sasa analala mpaka saa tatu kama mama mwenye nyumba. Meitamei wangu anakusalimu sana. Amenunua simu ya mkononi, na nadhani huwa anaomba ilie kanisani ili watu wajue. Juzi aliniambia nipige simu kwenye lile duka la kituo chenu cha kupimia chai, wakuite, tuongee tumalize. Nikakataa. Neno nililo nalo si la kusikilizwa ukiwa umesimama dukani huku watu wananunua sukari nyuma yako. Hili ni la kusomwa ukiwa umekaa, Phylis. Tafuta kigoda kwanza.

Barua yako ya mwanzo wa mwezi ilinifikia ndani ya gunia la chai kama kawaida, nikaikung'uta na kuisoma nikiwa nimesimama hapo hapo stoo. Nilifurahi kusikia kwamba michai imechipuka vizuri na kwamba Kiema ameacha kubishana na karani wa mizani. Lakini mwishoni kabisa, mahali ambapo wewe huweka salamu za watoto, ukaandika kwamba Nzisa anahama. Kwamba Krismasi haitamkuta hapo. Mashina yake mia tatu ya chai anamwachia shemeji yake, na yeye na binti yake Mbeke wanarudi kwa mama yake Mbooni, kwa sababu pale kituoni hakuna tena mtu anayemsalimu akimtazama usoni. Ukamaliza kwa kusema kwamba labda ni vizuri aende, watu wapumzike. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko zaburi yoyote mwezi huu. Nzisa hafai kuhama, Phylis, na anayejua ni kwa nini ni mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mambo mengine unayajua, uliyafanya wewe mwenyewe, lakini nayaandika yote kwa sababu nitakuomba barua hii uisome mbele ya watu wasioyajua.

Unaukumbuka ule mwaka wa ukame, mwaka wa elfu mbili. Ng'ombe arobaini wa Meitamei walitoka kwetu Bisil wakitafuta majani mpaka kando ya barabara za Nairobi, wakarudi sita, nao walikuwa ngozi na macho tu. Ndipo mama mkwe wangu, Naisenya, ambaye watoto wanamwita Koko na mimi pia nimezoea, akaja kukaa nasi hapa Kitengela. Alikuja na shuka zake, vibuyu vyake vitatu vya maziwa, na mzigo wa vijiti vya oloirien, mzeituni wetu wa porini. Nilimcheka, maana unanijua mdomo wangu hauna breki. Nilimwuliza vibuyu ni vya nini na ng'ombe wamekwisha. Yeye akaendelea kuvipanguza vumbi. Nyumba ilikuwa imejaa, kwa hiyo tukampa ile stoo ya mabati iliyo nyuma, kitanda upande mmoja, upande wa pili mtupu.

Kila asubuhi, maziwa yakiwepo au yasiwepo, Koko alifanya kazi yake. Aliwasha ncha ya kijiti cha oloirien mpaka ikawa kaa, akaitia ndani ya kibuyu, akasugua, akakung'uta, akafunika ule moshi ndani. Ndivyo mama zetu wote wanavyosafisha vibuyu, ndipo maziwa yasiharibike na ndipo yapate ladha yake. Alisema kibuyu kikiachwa baridi kinaoza, na ng'ombe watakaporudi watakuta nini? Mimi nililalamika tu kwamba nguo zangu zinanuka moshi. Baada ya mwezi mmoja sikulalamika tena, pua ilishazoea. Na kusema kweli, kwa sisi Wamaasai hiyo si harufu. Tumezaliwa nayo, tumenyonyeshwa nayo, mtu haisikii kama vile hasikii ulimi wake mwenyewe mdomoni.

Mwezi wa nane wa mwaka huo huo wewe ukaja kututembelea, na kilo moja ya chai ndani ya kiondo. Ulituambia ni ile ambayo kiwanda kinawauzia wakulima wake kila mwezi, kilo chache kwa kila mkulima mwenye namba, na kwamba kwenu kila jiko limejaa chai hiyo mpaka watu wanagawiana kama chumvi. Mimi nikakuambia kwamba Bisil akina mama wanakunywa vumbi la madukani ambalo hata ukilichemsha saa nzima halishiki rangi. Tulikuwa tunakuna nazi ya mtu mwingine, kama unavyosema wewe ukiona tumeanza kupanga mambo makubwa na sufuria tupu. Lakini kabla hujaondoka njia ilikuwa imeshapatikana. Wewe uwakusanye akina mama ishirini wa kituo chenu. Kilo zao ziingie gunia moja. Gunia lilale kwa yule anayekaa karibu na barabara, apandishe kwenye basi la alfajiri. Nairobi lipokelewe na mtu wa mizigo anayenijua, anisukumie Kitengela. Mimi nipime kwa kijiko cha supu, nifunge kwenye vipakiti vya nailoni kwa moto wa mshumaa na kipande cha msumeno, nipeleke Bisil siku ya soko la ng'ombe, dukani kwa Priscilla. Kutoka kiwandani mpaka sufuria ya Bisil, mikono sita tu. Tulijiona wajanja sana.

Huyo wa karibu na barabara ndiye Nzisa. Sijawahi kumwona uso, Phylis, miaka miwili yote hii. Ninachokijua ni mshono wake. Magunia ya watu wengine hufungwa kwa kamba shingoni tu. Nzisa alishona mdomo wa gunia kwa uzi wa katani aliousokota mwenyewe, ule mshono wa kuanzia kiondo, mara mbili, na ncha ya mwisho akaificha ndani. Gunia la kwanza lilinishinda. Nilizunguka nalo nikitafuta pa kuanzia mpaka nikaenda kuchukua kisu. Koko akaninyang'anya kisu, akapapasa kwa kidole gumba, akaipata ncha, akavuta, na mshono wote ukafumuka kwa mara moja bila uzi kukatika. Alicheka kama msichana. Akasema huyo mwanamke aliyeshona hivi amelelewa. Tangu siku hiyo kufungua gunia ikawa kazi yake, na kila uzi aliuweka. Alifungia nao vijiti vyake vya oloirien na kuning'inizia vibuyu vyake ukutani.

Na chai ilipendwa, hilo sikutia chumvi. Akina mama wa Bisil wakati huo hawakuwa na ng'ombe, walikuwa wanatilia chai maziwa ya pakiti ambayo hayana ladha yoyote, na wengi mpaka leo bado wanayatumia. Walipotia majani yenu waliomba kikombe cha pili. Bibi mmoja aliniambia alipokunywa alisikia kana kwamba ng'ombe wake mwekundu amerudi zizini. Nikakuandikia maneno hayo, na wewe ukawasomea wenzako kituoni, ukaniambia walipiga makofi na Nzisa akatoa machozi. Sote tukaamini kwamba siri ni ule udongo wenu mwekundu na baridi ya mlima. Mimi nilijaza sifa hizo kwenye kila barua, na sijutii, maana chai yenu ni nzuri.

Sasa mwezi wa nne mwaka huu, mvua ilipokolea, Meitamei alimnunulia mama yake mitamba wawili wenye mimba, na Koko akarudi kwake Bisil. Aliondoka na shuka, vibuyu, vijiti, nyuzi, kila kitu. Alipoondoka nilisugua ile stoo kwa sabuni na maji moto siku mbili, nikapaka chokaa, nikaweka mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni. Nilijisifu hata kwako, unakumbuka, nikasema sasa chai yenu inalala mahali pasafi kuliko zahanati.

Mwezi wa tano Priscilla akanirudishia pakiti kumi na tano. Alisema hii iko na rangi lakini haiko na nyumbani. Nilidhani anatafuta sababu ya kushusha bei. Soko lililofuata zikarudi nyingine, na yule bibi wa ng'ombe mwekundu akanikemea mbele ya watu kwamba nimewadanganya. Nilirudi nimechanganyikiwa. Nikabadilisha mshumaa, nikidhani ni mafuta yake. Nikabadilisha nailoni. Nikahamisha mtungi wa mafuta ya taa mpaka nje kabisa kwenye ua. Nikayanusa majani mpaka nikapiga chafya. Nilitafuta kila kitu kilichoingia, Phylis. Haikunijia hata siku moja kuuliza ni kitu gani kilichotoka.

Ndipo nikaandika ile barua ya Juni. Maneno yake unayajua, na mimi nayajua, kwa sababu nina hasira inayoshika kalamu kabla mimi sijakaa. Niliandika kwamba kati ya mlima wenu na mlango wangu kuna mtu mwenye mkono mrefu, anatoa chai nzuri na kutia takataka. Niliandika hivyo mimi, niliyefungua magunia yale kwa mikono yangu mwenyewe tangu Koko aondoke, na kila gunia lilikuwa na mshono mzima, ncha imefichwa, hakuna uzi uliokatwa. Ushahidi ulikuwa mapajani mwangu nikauona ni katani tu.

Wewe ulijibu kwa upole wako. Ulisema ukiinywa unaona ni ile ile, lakini nyinyi ndio wanywaji. Halafu ukafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, ukatazama mahali gunia linapolala. Na Nzisa ni mjane, ana kibanda cha chai na mandazi hapo barabarani, na sufuria yake haikauki. Haikuhitaji kufikiri sana. Ulinieleza kwamba hakuna aliyempigia kelele. Alinyang'anywa gunia, akaambiwa apumzike kidogo, na Jumapili iliyofuata kanisani akina mama wakaacha nafasi kwenye benchi kila upande wake. Aliuliza mara moja tu amekosa nini, na hakuna aliyemjibu. Kuanzia mwezi wa saba magunia yakaja yamefungwa kwa kamba ya manila. La kwanza lilifunguka njiani likamwaga kilo nzima.

Mwezi wa nane nilikwenda Bisil kumwona Koko. Mtamba mmoja alikuwa amezaa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakukuwa na maziwa ya kutumia, ya kwanza huwa ni ya ndama, nikatoa pakiti ya maziwa niliyobeba kutoka hapa. Koko akabandika chai, akatia majani kutoka kwenye kibuyu kidogo kikuukuu. Nilipopiga funda la kwanza niliacha kikombe. Ilikuwa ile. Ile ile yenyewe ya ng'ombe mwekundu. Nikamwuliza majani haya amepata wapi, kwa nani, anioneshe mtu huyo. Akanishangaa. Akasema si ni wewe uliniletea mwezi wa tano, pakiti mbili? Panya walitaka kuyala, akayamimina kibuyuni.

Nikakichukua kile kibuyu nikaingiza pua yangu yote ndani.

Nakumbuka Koko akiniuliza kama nimepoteza hereni humo. Majani ya chai hushika harufu ya chochote kinacholala nayo chumba kimoja, wewe mkulima unajua hilo tangu zamani, mimi muuzaji nilikuwa silijui. Miezi ishirini magunia yenu yalilala wazi kando ya kitanda cha mama mmoja aliyekuwa akifukiza moshi wa oloirien kila asubuhi kwa ajili ya maziwa ambayo hayakuwepo. Akina mama wa Bisil walikuwa wananunua chai yenu na moshi wa Koko kwa pamoja, na hakuna kati yetu aliyeujua, kwa sababu mgeni angeusikia mara moja lakini sisi wenyewe hatuusikii. Tuliusikia ulipokosekana. Hakuna mtu aliyebadilisha chai. Nzisa hakutoa hata jani moja.

Hapa ungetegemea niseme kwamba nilikimbia nyumbani kukuandikia. Phylis, sikuandika. Nimefika mahali pagumu sasa, na nimeinuka mara tatu kwenda kuangalia maharagwe ambayo yameshaiva tangu adhuhuri.

Nilimwomba Koko vijiti vitano. Sikumwambia vya nini. Nikavifunga ndani ya leso, nikarudi Kitengela, nikafungua gunia, nikafukiza ile stoo yangu nyeupe siku nane mfululizo mpaka chokaa ikawa kahawia. Siku ya soko Priscilla alinusa pakiti, akasema sasa hii imerudi nyumbani. Nikauza zote. Nikarudi, nikakaa kwenye meza hii hii, nikakuandikia ile barua ya Septemba. Nilikushukuru kwa bidii yako. Nikasema chai imerudi kuwa nzuri kama zamani. Nikanyamaza hapo. Sikuandika kwamba ni Nzisa, sikuwa na haja. Nilijua utahesabu mwenyewe kwamba ameondolewa Julai na chai imepona Septemba, na nilijua utawasomea wenzako. Nilijua hayo yote nikilamba bahasha. Kabla ya barua ile akina mama walikuwa wanamshuku tu. Baada yake walikuwa na hakika.

Ukiniuliza kwa nini, nitakupa sababu na zote ni ndogo. Niliona aibu, mimi ninayejifanya najua biashara. Niliogopa kwamba nikisema siri ni moshi wetu, nyinyi mtavunjika moyo baada ya makofi yale yote. Niliogopa utaniona mjinga. Nikajiambia ni gunia tu amenyang'anywa, kazi ya kuamka alfajiri, atashukuru, na baada ya muda watasahau. Ya Juni nilikosea, na kukosea kunasameheka. Ya Septemba nilisema uongo kwa kunyamaza, juu ya mwanamke ambaye hajanikosea lolote isipokuwa kunishonea magunia vizuri. Nisamehe ukiweza. Kama huwezi, kasirika, una haki, lakini soma mpaka mwisho.

Wiki iliyopita Koko alikuja hapa kwa ajili ya macho yake. Gunia lako lilikuwa limefika, akaenda stoo mbio na kidole gumba chake, akakuta kamba ya manila. Akaniuliza yule wa uzi yuko wapi, anaumwa? Nikasema hapana. Akauliza amekufa? Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, basi nikamsomea, na nilipoanza nikasema yote, mpaka Septemba. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya watoto, akakaa chini, akaanza kuufungua ule uzi wa katani alioning'inizia kibuyu. Akatoa na nyingine alizozungushia fimbo yake, moja baada ya nyingine, macho yale mabovu, akaziweka mapajani mwangu. Alisema hawezi kukaa na vitu vya mtu ambaye jina lake limechafuliwa katika nyumba ya mwanawe. Nizirudishe kwa mwenyewe. Akawapa watoto maziwa, mimi hakunipa.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuomba. Pamoja na barua hii, mtu wa basi atakupa mfuko mdogo. Ndani mna pakiti mbili za chai kutoka gunia moja, lile la mwisho ulilotuma. Yenye kifundo chekundu nimeifukiza, nyingine sijaigusa. Mna pia kijiti kimoja cha oloirien. Waite akina mama wote ishirini, Nzisa akiwa mmoja wao, akae katikati ya benchi na si pembeni. Bandika sufuria mbili, maziwa ya aina moja, sukari sawa. Wanywe kwanza bila kuambiwa kitu. Wakishangaa, washa kijiti, wanuse. Halafu wasomee barua hii. Usiruke mahali, hasa pale pa Septemba. Najua unavyonipenda, utataka kunifunika, na safari hii upendo wako usinisaidie.

Nami nakuja. Jumamosi tarehe saba Desemba, Mungu akipenda, mimi na Koko, ambaye amesema haniamini kwenda peke yangu. Tutashuka pale kwenye kibanda na tutaanzia kwa Nzisa kabla ya kwako, usikasirike. Kama hatataka kunisalimu tutanunua chai na mandazi kama wasafiri wengine na tutakaa mpaka atakapokuwa tayari kunitazama. Ninalotaka kumwomba ni asihame. Akisema mashina ameshampa shemeji, basi Meitamei ameahidi kuongea na huyo shemeji mwanamume kwa mwanamume, na unajua akianza kuongea watu hukubali ili anyamaze. Na akina mama wakiamua hawanitumii tena hata kilo moja, nitaelewa. Lakini wakiendelea, gunia nitakalopokea ni lile lililopita mikononi mwa Nzisa. Lililofungwa kwa manila nitalirudisha na basi lile lile.

Wewe usijitese, rafiki yangu. Uliamini neno langu kwa sababu miaka yote hii halikuwahi kukudanganya. Nakukumbuka kila nikipita pale kwenye bomba, ingawa sasa limekauka na wamejenga duka la vipuri. Msalimu Kiema na mgongo wake. Mwambie Mulei kwamba Soila anasema bado ana kitabu chake cha hesabu na harudishi. Priscilla anawasalimu akina mama wote, na yule bibi wa ng'ombe mwekundu anauliza kama kwenu kuna zizi, maana haelewi mtu anaishije kwa majani tu. Mbarikiwe, mkae salama mpaka tutakapoonana.

Jambo moja limebaki. Mdomo wa ule mfuko nimeushona kwa nyuzi zake Nzisa, zile alizonirudishia Koko, nikijaribu kufuata mshono wake. Nimefumua na kushona upya mara saba, vidole vimenivimba. Umekaa upande, na ncha ya mwisho imebaki nje, sikuweza kuificha. Usiukate kwa kisu, Phylis. Mpelekee aufungue mwenyewe.

Ni mimi rafiki yako,
Tabitha, Mama Soila